Waliotundika na Walionyongwa

Mwalimu Pyo Gi-ryong alifundisha Kiingereza maisha yake yote ya kazi bila kuongea hata mara moja na mtu aliyezaliwa nacho. Halikuwa kosa lake. Shule yetu ya bondeni haikuwa mahali pa kupita wageni, na alipostaafu akarudi hapa Gamnaegol, ambako hata basi la wilaya huja likijisikia. Alichokijua alikitoa vitabuni, na alikijua barabara. Hasa vitenzi vikaidi. Jina hilo alivipa mwenyewe: vile vitenzi vya Kiingereza ambavyo, ukitaka kusema jambo la jana, vinakataa kuongezewa mkia kama wenzao na badala yake vinajigeuza sura vinavyotaka vyenyewe.

"Vitenzi vyenye adabu," alikuwa akisema, "unavipachika mkia, vinatulia. Hivi vikaidi lazima uvijue kimoja kimoja, kama unavyowajua wajukuu zako."

Mimi ni Mama Mi-rim. Niliolewa hapa nikiwa binti, na siku ya mkasa huu nilikuwa nimesimama hatua chache tu kutoka kwa Mwalimu, nimebeba sinia la chapati za vitunguu. Kwa hiyo sisimulii cha kuambiwa.

Kila Jumatano baada ya chakula cha mchana Mwalimu aliwafundisha wazee kwenye ukumbi wa kijiji. Wanafunzi walikuwa akina bibi watupu, maana akina babu walisema shule waliimaliza zamani na haikuwafaa kitu. Sakafu ya ukumbi wetu hupashwa moto kwa chini, basi nusu ya darasa walikuja kuchemsha migongo. Mwalimu hakujali. Alipiga meza kwa upepeo, akataja kitenzi, nasi tukaitikia sura zake tatu kwa pamoja kama watu wanaotwanga. Mimi sikuwa mzee, lakini nilikuwa mpishi wa ukumbi, na ukikaanga vitu karibu na darasa hilo unahitimu bila kutaka.

Mwanafunzi mkorofi kuliko wote alikuwa Bi Ok Bun-rye, ambaye kijijini tunamwita Mama Sang-gu kwa jina la mwanawe. Ni mjane, miaka yake imevuka sabini, na hakuna mkono unaomenya gam kwa kasi kama wake. Gam ndizo zinazotulisha. Ni tunda la rangi ya jua linalozama, gumu na chungu likiwa bichi. Ukilimenya, ukalifunga kamba na kulitundika kwenye banda la upepo siku arobaini na zaidi, linanywea na kuwa tamu kushinda tende. Oktoba nzima sisi tunamenya na kutundika. Ukimuota mtu wa Gamnaegol, utamuota mikono juu.

Jumatano moja Bi Bun-rye alimkatiza Mwalimu katikati ya kitenzi.

"Mwalimu, mwezi wa ngapi huu unatufundisha kwenda, kuruka na kuogelea? Mimi siendi popote. Naruka wapi na magoti haya? Tupe kitu cha kutumia. Kutundika wanasemaje?"

Mwalimu alifurahi mpaka upepeo ukamdondoka. "Swali zuri kabisa! Kutundika ni *hang*. Ukitaka kusema jana, ni *hung*. Nilitundika gam: *hung*."

Hapo angenyamaza, hadithi hii isingekuwepo. Lakini Mwalimu Pyo alikuwa hawezi kuacha pembe ya jambo bila kuifagia.

"Ila," akasema, "ipo sura nyingine ya jana, *hanged*. Hiyo ni ya watu tu. Vitu, *hung*. Watu, *hanged*. Msije mkachanganya."

Hakueleza watu hao wanafanywa nini. Maana yenyewe ni kunyongwa kwa kamba mpaka kufa, na Mwalimu aliona si ustaarabu kutaja mambo hayo mbele ya wazee walioshiba na kupata joto. Alikuwa hivyo hivyo hata shuleni: alitoa kanuni, maiti akaiacha nyuma ya pazia.

"Watu tu?" akauliza Bi Bun-rye.

"Watu tu."

"Na mimi ni mtu?"

"Wewe ni mtu, Mama Sang-gu, tena mtu na nusu."

"Haya, nimeelewa," akasema, na tangu siku hiyo kila mwisho wa darasa aliaga kwa Kiingereza: "*I hanged. I hanged very good.*" Mwalimu alimsahihisha mara mbili tatu, kisha akachoka. Alidhani ni ulimi mzito tu.

Sasa, kijiji chetu kina mwenyekiti, Maeng Chil-bok. Ni mtu mwenye mbio, kofia ya kijani, simu mbili, na kila mwezi wazo jipya la kutuokoa. Msimu uliopita aliokota habari kwamba kampuni moja ya utalii inatafuta vijiji vya kuwaonyesha wageni. Akapiga simu zote mbili kwa wakati mmoja, na kabla hatujavuna akatutangazia kwa kipaza sauti cha kijijini, alfajiri, sisi tukiwa bado kitandani: "Ndugu wananchi! Wastaafu kutoka New Zealand wanakuja kutundika gam! Basi zima! Tafadhali mfunge mbwa!"

Kilichofuata kilikuwa ubao. Maeng alitaka ubao mkubwa mbele ya banda la zamani, juu maandishi yetu, chini Kiingereza. Akaenda kwa Mwalimu na chupa ya pombe ya mchele, akainama, akaomba.

Mwalimu alikaa na sentensi ile siku tatu. Mke wake marehemu, Bi Soon-im, ndiye aliyekuwa akimwambia imetosha, na sasa hakuna wa kumwambia. Akaifuta, akaiandika, akaitembeza uani akiisoma kwa sauti kwa kuku wa jirani. Mwishowe akamkabidhi Maeng karatasi safi. Kwa lugha yetu ilisema hivi: *Hapa bibi zetu walitundika gam kwa miaka mia tatu, na sisi tunaendeleza kazi hiyo kwa upendo.* Haikuwa na doa.

Maeng akaingia na karatasi ile garini kuelekea mjini kwa mchora mabango. Kwenye taa nyekundu akaisoma. Akafika kwenye *hung*, moyo ukamshtuka.

Kwa sababu Maeng alikuwa mwanafunzi wa Mwalimu Pyo, kiti cha pili dirishani, na kanuni ile alikuwa nayo kichwani tangu utotoni: vitu *hung*, watu *hanged*. Na hapa nani alitundika? Bibi zetu. Na bibi zetu ni nini? Ni watu. Mwalimu wake, bahari ya vitenzi, amesahau kanuni yake mwenyewe!

Baadaye alituambia kwamba alikaa pale mpaka magari ya nyuma yakampigia honi, machozi yakimlengalenga. Uzee umeanza kumla Mwalimu. Angefanyaje? Amrudie amwambie, "Mwalimu, umekosea"? Huku kwetu mtu hamwambii mwalimu wake hivyo hata nyumba ikiwaka moto. Akaona njia ya heshima ni moja: amsitiri. Akatoa kalamu, akasahihisha. Na mchora mabango aliposema ubao umejaa, herufi hazitoshi, Maeng akalitoa neno gam pia. Matunda si yatakuwepo pale pale? Kila mwenye macho atayaona.

Ubao ukarudi umefunikwa shuka jeupe, ukasimikwa mbele ya banda la zamani, chini yake picha ya bibi zetu wanane wakicheka, kila mmoja na kamba mkononi. Maeng akakataza mtu yeyote asifunue hata ncha.

Siku ya wageni palikuwa na baridi kavu na anga safi. Banda lilikuwa limefagiliwa. Maeng alikuwa amening'iniza kamba mpya tupu kwenye boriti, moja kwa kila mgeni, na kwenye kila kamba akafunga kikaratasi chenye jina la mwenyewe kwa Kiingereza, ili mtu afike tu aione yake. Kreti za gam zilikuwa ziletwe na Sang-gu, mwana wa Bi Bun-rye, kwa trekta. Lakini trekta liligoma kuwaka. Na Mwalimu naye hakuwa ametokea. Alikuwa nyumbani anapambana na tai. Bi Soon-im ndiye aliyemfungia tai siku zote, na tangu afariki Mwalimu hakuwa na mahali pa kwenda na tai.

Basi likaingia. Wakashuka wazee wanene wanene, wachangamfu, wenye viatu vizuri vya kutembelea. Wa mwisho kushuka alikuwa binti mkalimani, uso rangi ya kabichi. Kona za mlimani zilikuwa zimemvuruga tumbo. Alisema maneno mawili, akashika mdomo, akakimbilia choo cha ukumbi, na hatukumwona tena kwa muda mrefu. Dereva alifunga milango, akaegemeza kiti na kulala.

Tukabaki sisi na wao, tunachekeana.

"Tuanze," Maeng akaninong'oneza.

"Mwenyekiti, bila Mwalimu?"

"Watapigwa baridi, Mama Mi-rim. Mwalimu atakuta tumeshawasha moto."

Akakohoa, akashika shuka, akalivuta kwa madaha. Sisi wanakijiji tukapiga makofi. Wageni nao wakainua mikono kupiga, wakaanza kusoma, na mikono ikaishia hewani.

Kwa Kiingereza ubao ulisema: *Hapa bibi zetu walinyongwa kwa miaka mia tatu, na sisi tunaendeleza kazi hiyo kwa upendo.*

Bwana mmoja mrefu, ambaye baadaye tulijua anaitwa Lachlan, alivua kofia. Wengine wakavua zao. Wakasimama kimya, vichwa chini. Maeng akageuka kwetu, uso unang'aa.

"Mmeona heshima yao?" akasema. "Wenzetu wanathamini utamaduni!" Akavua na yake, ile ya kijani, nasi wote tukainamisha vichwa. Sijui tulikaa hivyo muda gani. Chapati zangu zilipoa.

Kisha mama mmoja wa makamo, mke wa yule mrefu, akanyanyua macho na kuziona kamba. Akasogea. Akasoma kikaratasi. Kilikuwa chake: Glenys. Akamshika mumewe mkono.

Hapo ndipo Bi Bun-rye alipoona zamu yake imefika. Alikuwa amefanya mazoezi wiki nzima, na alikuwa na kisu cha kumenyea mkononi maana hawezi kusimama mikono mitupu. Akajipenyeza mbele, akainama vizuri, akaanza kwa Kiingereza. Nilielewa kila neno, kwa sababu ni kile kile cha Jumatano; nilichokuwa sikijui ni maana yake kwa wenye lugha. Ukiyaweka maneno yale kwa lugha ya watu, alichosema ni hiki:

"Mimi Bun-rye. Mama yangu alinyongwa hapa. Mama mkwe wangu alinyongwa hapa. Mimi nilinyongwa mwaka jana. Nilifurahi sana."

Bi Glenys alitokwa na machozi. Akamkumbatia. Bi Bun-rye, ambaye katika maisha yake hakuna aliyewahi kulia kwa uzuri wa maneno yake, alitugeukia juu ya bega la mgeni akatukonyeza.

"Endelea, Mama Sang-gu!" Maeng akamhimiza. "Wamependa! Waeleze jinsi ya kufanya!"

Akaendelea. Akainua kisu. "Leo, ninyi! Msiogope. Kwanza, ngozi tunatoa." Akaonyesha kwa kisu, ukanda mrefu mmoja, kutoka juu mpaka chini. "Halafu, kamba. Kila mtu kamba yake. Siku arobaini. Upepo. Mnakuwa watamu sana. Halafu tunakula!"

Bwana mmoja mwenye mkoba kifuani alirudi nyuma polepole mpaka mgongo wake ukagonga basi. Akajaribu mlango. Akapiga kioo. Dereva akajigeuza upande wa pili.

"Yule vipi?" Maeng akauliza.

"Labda anataka choo," nikasema.

Akatumwa kijana wa kumwonyesha choo, naye yule bwana akamkimbia.

Ni katika vurugu hiyo trekta lilipotokea, likikohoa moshi. Sang-gu usukani, na nyuma, juu ya kreti za gam, amekaa Mwalimu Pyo na suti yake nyeusi ya harusi, wima kama mtu anayepelekwa kuapishwa. Tai ilikuwa imefungwa kwa fundo lisilo na jina. Sang-gu alimshusha kwa kumshika kwapa. Akajifuta vumbi, akanyoosha koti, akatazama watu wale waliobeba midomoni lugha yake ya vitabuni. Nilimwonea huruma. Mzee wa watu alikuwa amengoja siku hii tangu ana nywele.

Bi Glenys ndiye aliyemfikia kwanza. Suti nyeusi ilimwambia huyu ndiye mkuu wa msiba. Akamshika mikono yote miwili.

"Pole sana," akasema. "Poleni sana kwa kufiwa."

Hayo ndiyo maneno ya kwanza ya Kiingereza cha mdomo wa mwenyewe aliyoambiwa Mwalimu Pyo. Na aliyaelewa! Nilimwona akiyaelewa. Uso ulimfunguka, halafu ukalainika, kwa sababu alidhani wamesikia habari za Bi Soon-im.

"Asanteni," akajibu, kwa Kiingereza kilichonyooka kama kola. "Ni miaka kumi na moja sasa."

"Mke wako? Na yeye ilikuwa... hapa?"

"Ndiyo. Alitundika hapa kila Oktoba." Na alitamka *hung*, sawasawa, ile ya vitu.

Bi Glenys alipepesa macho. "Kila Oktoba?"

"Kila Oktoba. Mikono yake ilikuwa myepesi. Aliimba akitundika. Mimi nilimshikia ngazi."

Yule Bwana Lachlan akasogea, akageuza kofia mikononi, akauliza kwa upole ambao sitausahau:

"Samahani, mzee wangu. Sikusudii kukuudhi. Lakini mtu ananyongwaje kila Oktoba?"

Mwalimu alilisikia neno lile, *hanged*. Nadhani hata angekuwa amelala angelisikia. Akageuka taratibu, suti yote ikageuka naye, akausoma ubao. Akausoma mara ya pili, midomo ikicheza. Akaziangalia zile kamba tupu zenye majina ya watu. Akamwangalia Bi Bun-rye na kisu chake.

"Chil-bok," akaita.

"Naam, Mwalimu."

"Nani ameandika hiki?"

"Ni wewe, Mwalimu," Maeng akasema kwa fahari. "Jina lako liko pale chini kulia. Nimewaambia waliweke kwa rangi ya dhahabu."

Kuna watu wangeanguka pale. Mwalimu Pyo alitembea mpaka kwenye kreti, akachukua gam moja, akarudi mbele ya wageni, akaiinua juu kwa kikonyo chake.

"*Hang, hung, hung!*" akapaza sauti ya darasani, ile iliyokuwa ikifika mpaka uwanja wa mpira.

Wakamkodolea macho.

Akaiweka gam chini. Akashika ncha ya tai yake, akaivuta juu ya kichwa mkono ulipofika, akalaza shingo upande, akatoa ulimi na kukodoa macho.

"*Hang, hanged, hanged!*" akasema, kwa sauti ya mtu aliyekabwa, maana lile fundo lilikuwa limekaza kweli. Kisha akaonyesha bibi zetu mmoja mmoja kwa kidole na kutikisa kichwa: hapana, hapana, hapana. Akaionyesha gam: ndiyo.

Sijawahi kuona mtu mzima wa heshima zake akijifanya maiti mbele ya kijiji kizima. Mama mmoja wa kwetu alifunika macho.

Bwana Lachlan ndiye aliyeelewa kwanza. Akautazama ubao, akaitazama gam, akamtazama Bi Bun-rye, na kicheko kikamtoka kama maji kwenye bomba lililopasuka. Akainama, akashika magoti. Bi Glenys akasema, "Ooh!" kisha "Ooh!" ya pili, kisha akacheka na kulia kwa pamoja, akamkumbatia Bi Bun-rye tena, safari hii kwa sababu yuko hai. Wote wakaangua. Yule mwenye mkoba kifuani alifuatwa akaelezwa, na ikachukua muda kumshawishi.

"Wanacheka nini?" Bi Bun-rye akaniuliza.

Mwalimu akamwambia kwa lugha yetu, kwa maneno machache, huku akijilegeza tai. Bi Bun-rye alisikiliza. Akafikiri.

"Kwa hiyo nimewaambia nilinyongwa mwaka jana?"

"Ndiyo, Mama Sang-gu."

"Na kwamba nitawachuna ngozi, niwaanike?"

"Ndiyo."

"Na bado walibaki?" Akawatazama wageni kwa macho mapya. "Watu jasiri hawa. Mama Mi-rim, wape chapati."

Sasa sikia kioja. Walipokaa na chapati na pombe ya mchele, wageni wakaanza kubishana wao kwa wao. Mmoja alisema yeye tangu azaliwe anasema *hung* kwa wote, gam na mtu. Mwingine akasema baba yake angemchapa. Mama mmoja akaapa kwamba kwao hata magazeti yanaandika *hung* kwa mnyongwa na dunia haijaisha. Bi Glenys akasema *hanged*, mumewe akasema hana uhakika tena, na sauti zikapanda. Mwishowe wote wakamgeukia Mwalimu Pyo.

Mwalimu akaweka bakuli chini. Akawaeleza kanuni yote, na safari hii hakuacha maiti nyuma ya pazia: nani ananyongwa, nini kinatundikwa, na kwamba kweli siku hizi kuna wenye kuchanganya, lakini yeye hawashauri. Aliongea polepole. Pale aliposhindwa kuwasikia, maana wanatafuna irabu kama mhogo, aliomba warudie, wakarudia. Kisha akawapigia upepeo kwenye kreti, nao, wazee wa watu, wakaitikia kwa pamoja lugha yao wenyewe.

Baada ya hapo tulimenya na kutundika mpaka jua likapungua. Kazi yao ilikuwa mbaya sana. Bwana Lachlan alimenya gam moja ikabaki kokwa.

Basi lilipoondoka, Maeng alipiga magoti mbele ya Mwalimu pale pale kwenye maganda, akaeleza yote: taa nyekundu, machozi, kalamu.

"Mwalimu, ulitufundisha wewe mwenyewe. *Hanged* ni ya watu. Nikasema, waliotundika si watu?"

Mwalimu alifungua kinywa kumkaripia, akakifunga. Akamgeukia Sang-gu, ambaye pia alisoma kwake.

"Sang-gu. Baba yako angetaka kusema 'nilitundika koti' kwa Kiingereza, angesemaje?"

"*Hanged*, Mwalimu," Sang-gu akajibu bila kusita. "Baba alikuwa mtu."

Akamgeukia mume wangu. Mume wangu naye: *hanged*. Akamwita mwenye duka, mwanafunzi wake bora wa mwaka wake, aliyekuja kuchukua kreti tupu. *Hanged*, Mwalimu, ni watu.

Mwalimu Pyo akakaa juu ya kreti. Akawapitisha kichwani wanafunzi wake wote, darasa baada ya darasa.

"Yupo mmoja kwenye mapokezi ya hoteli kubwa mjini Busan," akasema taratibu. "Anapokea makoti ya watu."

Akahesabu kidole cha pili.

"Yupo nahodha. Meli ya makontena."

"Huenda baharini hawatundiki sana, Mwalimu," Maeng akasema akiwa bado magotini.

Mabega ya Mwalimu yakaanza kutikisika. Tulidhani analia. Bi Bun-rye alimsogelea na kumchungulia usoni, kisha akatugeukia akasema, "Anacheka huyu," na kweli alikuwa anacheka, kicheko kikavu kisichozoea kutoka, mpaka akajifuta macho kwa ile tai.

"Inuka, Chil-bok," akasema. "Sentensi yangu ya darasani ilikuwa fupi mno. Ungekuwa na akili kidogo zaidi au kidogo chini ya hapo, tusingefika hapa."

Ilibidi ubao ubadilishwe, ingawa Maeng alitoa hoja kwamba picha yake imeshaanza kusambaa kwenye simu za watu na kampuni imeuliza kama tunaweza kupokea mabasi mawili. Mwalimu hakutaka kusikia. Alikuja bandani asubuhi moja na rangi yake mwenyewe na brashi, akafuta, akaanza kuandika upya: *Hapa bibi zetu walitundika gam*, na *hung* yake mahali pake.

Bi Bun-rye alikuwa anamenya pembeni. Akataka asomewe. Akasomewa.

"Walitundika?" akasema. "Kwani tumekwisha?"

"Ni habari za zamani, Mama Sang-gu. Miaka mia tatu."

"Na mimi hapa nafanya nini? Nachota maji? Picha yangu iko chini ya hayo maandishi. Mtu akija atasema wale bibi walikuwepo, poleni."

Mwalimu alisimama na brashi ikidondosha matone juu ya kiatu chake. Mtu aliyevipenda vitenzi vikaidi maisha yake yote, sura zao za jana akazishika moja moja, hakuwahi kufikiri kwamba kuna mtu anayeweza kukataa kuingizwa humo. Akaitazama ile *u* iliyo katikati ya *hung*. Akachukua kitambaa, akaifuta, akaweka *a*.

"Hang," akasema. "Wanatundika."

"Hiyo ni ya sasa?"

"Ya sasa."

"Vitu na watu?"

"Vitu na watu, haibadiliki. Hata Chil-bok hawezi kuiharibu."

"Vizuri," akasema Bi Bun-rye, akarudi kwenye kreti yake, maana ilikuwa bado asubuhi na upepo wa kaskazini ulikuwa umeanza kuvuma.